Mpangaji Alitaka Matambara

Jioni ile nilikwenda kwa kaka yangu kupima watu wanne nguo za sherehe. Nilibeba futi, chaki, daftari la vipimo na dharau yangu, na katika mzigo wote huo dharau ndiyo iliyokuwa nzito.

Niseme ukweli tangu mwanzo. Kaka yangu alipokuwa maskini nilimpenda. Alikuwa mchukuzi sokoni, anabeba magunia ya viazi mgongoni, na jioni anarudi ananuka jasho na gunia, lakini mkononi hakosi kitu kidogo cha binti yake. Kisha wakampangisha mtu chumba cha uani. Mwezi uliofuata kaka akaacha kazi. Uliofuata tena wakabandika vigae, si sakafuni tu, mpaka kuta za nje, nyumba ikawa kama bafu lililogeuzwa ndani nje. Maskini akipata, matako hulia mbwata, na ya kwa kaka yangu yalisikika mtaa wa pili. Sasa walikuwa wanaandaa sherehe ya kuionyesha nyumba hiyo kwa watu waliowahi kuwasaidia unga.

Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye aliyefungua geti.

"Vua viatu, wifi. Vigae vipya."

"Vipya tangu mwezi wa tatu," nikasema, lakini nikavua.

Sebuleni makochi yalikuwa bado yamevaa nailoni za dukani. Ukikaa yanalia, ukiinuka yanakufuata. Manukato yalikuwa mengi hata macho yangu yakalowa. Runinga kubwa ilikuwa inaongea peke yake, na kaka amekaa mbele yake amevaa viatu vyenye soli nene kama tofali. Nikacheka moyoni. Mtu aliyetembea peku miaka yote, leo anavaa viatu vya ngazi ndani ya nyumba yake.

Nilianza na Twiga.

Twiga ndiye binti yao wa pekee, ana miaka tisa, na jina hilo nilimpa mimi. Alikuwa anakua kwa fujo. Sketi yake ya shule niliiachia upindo wa vidole vinne, na kila muhula nilikuwa nafumua nateremsha, nafumua nateremsha, hadi kitambaa kikabaki na mistari mitatu ya mikunjo ya zamani ambayo pasi haikuweza kuifuta. Ndivyo tunavyowashonea watoto wa watu wasio na uwezo. Mtoto anakua, nguo inamfuata. Mimi sikuzaa, na kuteremsha ule upindo ilikuwa furaha yangu, mtu asinicheke.

"Safari hii usiache upindo," wifi akasema huku akitazama kucha zake. "Kata palepale. Mtoto wangu hatavaa tena nguo za kuteremshwa kama pazia."

"Na akikua?"

"Tutanunua nyingine."

Nikaweka futi kiunoni kwa mtoto, nikaishusha mpaka chini ya goti. Nikasoma. Nikafungua daftari. Kipimo cha mwisho kilikuwa inchi ishirini na nne.

Futi ilisema ishirini na moja na nusu.

Nikapima tena, nikapata kilekile. Twiga alinitazama, na nikagundua kwamba alikuwa ananitazama kutoka chini zaidi kuliko nilivyozoea.

Nikampima kaka. Suruali yake tangu tulipokuwa vijana ni inchi arobaini na mbili, naijua kama jina langu. Safari hii nilipata thelathini na nane. Alipovua viatu vyake vya tofali, suruali aliyokuwa amevaa ilimiminika juu ya vigae kama maji. Wifi naye alikuwa amepungua inchi mbili.

"Futi yako imelegea, wifi," akasema. "Na wewe macho yamechoka. Nunua futi mpya, tutakulipia."

Tutakulipia. Mwanamke niliyemfundisha kushika sindano. Sikubisha, kwa sababu neno lake lilikuwa na akili ndani yake. Futi ya kitambaa ikivutwa miaka mingi hurefuka, na ikirefuka huwapunguza watu wote. Nikaamua kwamba kosa ni la futi.

"Wa nne ni nani?"

"Mpangaji," kaka akasema, akashusha sauti ingawa runinga ilikuwa inapiga kelele. "Yeye hatoki. Nenda mlangoni kwake, atakupa kipimo."

Nikapita jikoni, nikaingia ukumbi mwembamba wa kuelekea uani. Jua lilikuwa limeshazama. Taa ya pale ilikuwa imeungua, katika nyumba yenye taa hata ndani ya kabati. Manukato yaliishia mlangoni mwa jikoni. Nilipopiga hatua ya tatu, harufu nyingine ikanipokea.

Jasho... gunia la viazi... moshi wa taa ya mafuta...

Nilisimama. Ilikuwa harufu ya kaka yangu wa zamani.

Nikagonga. Hakuna aliyejibu. Ndani kulikuwa na sauti ya nguo kuukuu zikiburuzwa sakafuni... zikitulia... zikiburuzwa tena. Kisha kamba nyembamba ya katani ikaanza kutoka chini ya mlango. Ilitoka polepole, mpaka fundo la kwanza likapita, kisha ikaendelea kutoka mpaka nikafikiri haitakwisha. Likaja fundo la pili.

Hivyo ndivyo walivyokuwa wakituma vipimo watu wa zamani wasiotaka kushikwa na fundi: fundo kiunoni, fundo kwenye kifundo cha mguu. Nikapiga magoti nikapima kwa futi yangu mbovu. Inchi arobaini na tisa. Nimeshona suruali miaka ishirini na tatu, sijawahi kushona ya urefu huo.

"Fundi..."

Sauti ilikuwa chini kabisa, usawa wa uso wangu, nyuma ya ubao.

"Naam," nikajibu. Mazoea ya kazi ni kitu kibaya.

"Acha upindo. Mrefu."

Nikasubiri.

"Bado nakua."

Sikumbuki nilivyorudi sebuleni. Nakumbuka nikimuuliza kaka amempata wapi mtu yule, na kaka akinijibu akiwa anatazama runinga. Alikuja siku ya mvua, akaomba chumba cha uani ambamo Twiga alikuwa analala. Kila asubuhi husukuma bahasha nene chini ya mlango. Hali chakula, hapigi kelele, hana wageni. Godoro walilomnunulia alilikataa. Aliomba kitu kimoja tu.

"Matambara," wifi akadakia, akacheka mpaka nailoni ya kochi ikalia. "Mtu mwenye pesa zile anataka matambara ya kulalia. Tukampa zile nguo zetu zote za aibu, gunia zima. Za kaka yako, zangu, za mtoto, viraka vyote. Nilishukuru hata kuziona zinaondoka."

"Mlimpa bila kuzifua? Bila kuzifumua?"

"Nani afue matambara?"

Mimi nilifundishwa ushonaji na mama yangu, na kanuni yake ya kwanza haikuwa ya sindano. Nguo iliyovaliwa miaka ina jasho la mtu na umbo lake, goti lake limejichora, kiwiko kimejichora. Ukiigawa, ifue kwanza, ukate vifungo, ufumue mapindo, ndipo iwe kitambaa tu. Nilidhani kila mtu anajua. Lakini hawa wawili walikuwa na haraka ya kutokuwa maskini, na mwenye haraka hiyo hutupa hata ngozi yake.

Nyumbani nilitoa rula yangu ya chuma, ile isiyolegea, nikaitandaza futi juu yake. Mstari kwa mstari. Inchi kwa inchi.

Futi ilikuwa nzima.

Siku ya tatu Twiga alipita dukani kwangu akitoka shule. Sare mpya ilikuwa inamvuka magotini, na mikono ya shati imemfunika vidole. Alikaa juu ya marobota ya vitambaa, miguu ikining'inia, pahali ambapo zamani miguu yake ilikuwa inafika chini.

"Shangazi, nimemchungulia mpangaji. Kwenye tundu la dirisha."

"Anafanya nini?"

Akasogeza mdomo sikioni mwangu. Alikuwa ananuka manukato ya mama yake, na chini ya manukato hakukuwa na harufu ya mtoto hata kidogo.

"Anazipanga nguo zetu sakafuni, kama watu wamelala. Shati la baba na suruali ya baba. Gauni la mama. Halafu analala juu yao mmoja mmoja. Anaanza na baba. Yangu iko mwisho, chini ya dirisha. Kwangu hakai sana." Akafikiri kidogo. "Juzi alikaa sana."

Nilimshika mabega nikayasikia yalivyo membamba. Nilikuwa nimeichekea nyumba ile miezi mitano, nikihesabu vigae vyao na ujinga wao, na muda wote huo mtoto huyu alikuwa anaisha mbele ya macho yangu. Nilijua asipotolewa mle atakwisha kabisa, na sketi yake isipotolewa mle, kumtoa yeye ni kazi bure.

Nikashona suruali ya inchi arobaini na tisa kwa siku moja. Nikaacha upindo mrefu.

Jioni yake nikaipeleka. Wifi alikuwa chumbani anajaribu viatu. Kaka alikuwa peke yake kwenye kochi, na miguu yake haikugusa sakafu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini kaka yangu siku hizo hakuhitaji kuinama.

"Kaka, mpangaji wako anawala. Futi haikulegea."

"Najua, dada."

Nilitegemea abishe. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi.

"Unajua?"

"Unafikiri sijioni kwenye kioo?" Alisema taratibu, bila kunitazama. "Nimebeba magunia miaka kumi na tisa. Kila gunia lilinipunguza, na hakuna aliyeniletea bahasha. Kama ni kuisha, wacha niishe nimekaa."

Hapo dharau yangu iliyumba, nakiri. Kwa muda mfupi nilimwona tena yule mwenye jasho na kitu kidogo mkononi. Nikamuuliza, "Na mtoto?"

Akachukua rimoti, akaongeza sauti ya runinga.

"Watoto hukua tu," akasema.

Dharau ikarudi ikakaa mahali pake, na haijatoka mpaka leo.

Nikapita jikoni. Giza la ukumbi... ile harufu... Nikagonga.

"Fundi. Nimeleta suruali ya kujaribu."

Hiyo ndiyo hila pekee niliyokuwa nayo, na si hila, ni kazi. Nguo haikabidhiwi kabla mwenyewe hajaijaribu mbele ya fundi. Hata yule wa ndani alilijua hilo, kwa sababu komeo lilisogea.

Mlango ukafunguka kiasi cha mtu mmoja.

Mwanga pekee ulikuwa wa dirisha dogo, wa kijivu, wa mwisho wa siku. Sakafuni walikuwa wamelala watu bila watu ndani yao: shati lililoungwa na suruali, mikono imenyooshwa, gauni la wifi lenye kiraka cha begani, kanga za miaka ile ya njaa. Zote zimelala chali, zimebanwa bapa. Na kwenye kona, kitu kirefu kimekunjamana, magoti yamepita masikio. Sikuuona uso wake. Nashukuru mpaka leo.

Mkono ukaipokea suruali.

"Geuka, fundi..."

Adabu ya kazi. Mteja akivaa, fundi hugeuka. Nikageuka, na macho yakashuka chini ya dirisha, na pale palikuwa na sketi ya shule yenye mistari mitatu.

Nyuma yangu kitambaa kilikuwa kinapanda... kinapanda... mguu mmoja... mguu wa pili... Nikainama kama ninayeokota chaki. Nikaikunja sketi, nikaisokomeza kifuani. Ilikuwa na joto, kana kwamba mtoto ameivua sasa hivi.

Ndipo nikaliona lililokuwa limelala pembeni yake.

Gauni la bluu. Vifungo vitano vyeupe na kimoja cha rangi ya maziwa, kwa sababu cha sita kilipotea nikabandika kisichofanana. Lilikuwa gauni langu. Nilimpa wifi miaka minane nyuma, mwaka wa shida yao kubwa, mbele ya wageni ili wote waone nani anatoa na nani anapokea. Sikulifua. Nilifikiri wa kupewa hachagui.

Nikaliwekea mkono.

"Moja, fundi."

Sauti ilitoka juu sasa, karibu na dari. Ilikuwa sauti ya kaka yangu alipokuwa na miaka ishirini.

"Nilichopewa ni changu. Una mkono mwepesi... nakusamehe moja."

Mbele yangu, juu ya sakafu, nyayo mbili zilikuwa zimesogea mpaka ubavuni mwa gauni. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa bapa, bila ukucha, kimepondwa. Kaka yangu alipondwa kidole hichohicho na gurudumu la mkokoteni, mwaka aliooa.

Sketi ilikuwa inanichoma kifuani. Gauni lilikuwa chini ya vidole vyangu.

Nikaliachia gauni.

"Upindo umetosha?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza.

"Kwa sasa," ikasema.

Twiga nilimkuta jikoni, nikamshika mkono, tukapita sebuleni. Wifi alikuwa ametoka na kiatu kimoja. Hakuuliza nampeleka wapi wala nimeficha nini kifuani.

"Na sherehe ya Jumamosi je?" akasema. "Gauni lake si umeshalikata?"

Kaka hakugeuza kichwa. Kiganja chake kilipapasa hewani mtoto alipopita, kikakosa bega lake, kikarudi kwenye rimoti.

Usiku huohuo niliifua sketi mara tatu, nikafumua upindo wote, nikakata kifungo chake. Sherehe ilifanyika bila sisi. Nasikia ilipendeza.

Kaka hakumaliza mwaka. Daktari alisema mifupa, majirani walisema kila walichotaka. Mimi nilikwenda kwa seremala, yule aliyenitengenezea meza yangu ya kukatia nguo, nikampa kipimo cha jeneza. Akakisoma, akavua miwani.

"Pole sana, mama. Ni mtoto?"

"Ni baba wa mtoto," nikasema. Nikalia mbele yake, kwa sababu huyo aliyekufa alikuwa kaka yangu kabla hajawa mwenye nyumba.

Wifi bado anaishi kule. Vigae vinang'aa, bahasha zinakuja. Walionunua naye vitu hivi karibuni wanasema amejiwekea mito mitatu kwenye kiti cha gari. Sijakwenda kumtazama. Nilifikiri mara moja kumwomba anitolee lile gauni, nikakumbuka kwamba humo ndani anayetoa si yeye.

Twiga analala kwangu. Miezi ya mwanzo hakuongezeka hata uzi, na mimi nilikuwa nampima kila Jumapili huku nikijifanya namchezea. Kisha muhula wa pili ukaja na robo inchi. Nililia juu ya futi. Juzi nimemteremshia upindo wa sare, mara ya kwanza tangu tuondoke kule, na kwa mwendo huu kabla mwaka haujaisha nitauteremsha tena. Amerudi kuwa na harufu ya mtoto. Kula anakula, kujibu anajibu. Huyo amepona.

Ni meza tu ndiyo inayonisumbua.

Meza yangu ya kukatia nimeitumia miaka kumi na nne, na ilikuwa inanifika kiunoni sawasawa. Tangu mvua zilizopita bega linaniuma kwa kunyanyua mkono. Nilifikiri sakafu imetitia upande wangu. Nilifikiri uzee. Jana nikamwita seremala aje aipunguze miguu.

Alikuja na rula yake, akaipima meza pande zote nne, akatazama karatasi yake ya zamani, ile aliyoandikia vipimo vyake siku ya kuitengeneza. Kisha akanitazama mimi, akanishushia macho toka kichwani hadi miguuni, na akatazama tena karatasi.

"Mama," akasema kwa upole, "meza ni ileile."